Mjukuu wa Maalim Mansour Asome Wapi

Kahawa aliyouza Kheir ilikuwa chungu kama kawaida, lakini alasiri ile barazani Mkunazini hakuna aliyekuwa na uchungu kuliko Maalim Mansour. Kasomesha skuli miaka thelathini na minne, kastaafu na magoti mabovu na sauti ya kukwaruza. Sasa binti yake, Mwanakheri, anataka kumtoa skuli mwanawe Sumaiya, wa darasa la pili, amsomeshe mwenyewe kwenye fleti yao ya Michenzani, maana darasani wamo watoto mia na ishirini. Hatofanya bila ya idhini ya babake, na jawabu analitaka leo kabla ya magharibi. Maalim aliomba ushauri barazani, akapata wa kujaza gunia.

Bakar, aitwaye Redio kwa kuwa hana pa kuzimiwa, ndiye aliyeanza.

— Wahenga washasema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mama ana kazi ya kupika, ulimwengu hauna kazi. Muachie ulimwengu.

Ubwa, fundi wa mafriji wanayemwita Barafu, akakataa. Akakumbusha kuwa wote pale Kurani waliisomea kibarazani kwa mwalimu wa chuo, mkewe akipepeta mchele pembeni, na hakuna aliyedhurika.

— Michenzani nzima igeuzwe skuli. Ghorofa ya chini darasa la kwanza, juu kabisa kidato cha nne. Anayefeli anateremka ngazi.

— Na likizo je? alidakia Redio. Mtoto anasoma nyumbani, likizo ataenda wapi? Skuli?

— Ataenda kwa bibi yake Mkokotoni.

— Na bibi naye akimsomesha?

Redio akazidi kupanda: hakuna mama atakayemfelisha mwanawe, basi kisiwa kizima kitafaulu, na samaki watakosa wa kuwavua. Haraka haraka haina baraka, alisema, ndo maana skuli wakaiwekea miaka mingi.

Maalim alisikiliza nusu nusu. Moyoni alishaamua mtoto abaki skuli. Kumtoa ni sawa na kumwambia yeye kuwa umri wake wote kaupoteza, na hilo lilimuuma.

Akatokea mwanamke kavaa buibui, kikapu mkononi, akasimama mbele yao.

— Shikamoo, maalim.

— Marahaba, mwanangu.

Akaeleza kuwa alisoma kwake miaka mitatu. Aliingia hata a haijui, na leo anauza duka la dawa, anasoma mpaka mwandiko wa madaktari. Redio akajipiga paja: ushahidi huo. Maalim alifurahi, akanyoosha mgongo, uchovu ukampungua.

— Basi maalim, mie nani?

Aliuliza kwa tabasamu. Maalim akamtazama macho, paji la uso, kidevu. Akalitafuta jina, asilipate. Barafu akainamia kikombe chake.

— Si kitu, maalim. Miaka yote mitatu ukiniita "wewe wa nyuma". Na mie nikiitika, naam.

Hakusema kwa kinyongo. Aliwaaga vizuri, akaenda zake. Maalim akatoa simu akampigia binti yake.

— Sumaiya wanamkalisha wapi darasani?

— Nyuma, baba. Kwa nini?

Maalim aliona haya kumjibu, ingawa binti hakuwa mbele yake.

— Mtoe, mwanangu. Asubuhi nnakuja kumsomesha mwenyewe.