Kompyuta ya Mfukoni ya Marehemu Muthamia

Hapo Githongo, ukipita kinyozi na kabla hujafika kwenye kisiagi cha mahindi, kuna benchi la mbao ambalo halijawahi kulala njaa ya maneno. Ajabu ya Githongo ni kwamba kila shamba lina kahawa na kila nyumba inakunywa chai. Kahawa wanaichuma, wanaipeleka kiwandani, nayo inakwenda zake ng'ambo bila kuaga. Hapo benchini tu ndipo inaponyweka, kwa sababu Mutugi aliwahi kufanya kazi Mombasa miezi michache, akarudi na birika, jiko la makaa na jina jipya: Mombasa. Mwenzake ni mzee Mbaabu, anayeitwa Jaji tangu siku alipokwenda kortini kutoa ushahidi na hakimu akamsihi anyamaze. Wa tatu ni Gikunda, fundi wa simu mwenye kibanda ubavuni mwa benchi. Huyo wateja humwita Network, maana ukimhitaji hapatikani. Lakini asubuhi hiyo alipatikana. Winrose alikuwa amemngoja tangu umande haujakauka, ameketi juu ya jiwe pembeni, si benchini, mtoto mgongoni, macho yake hayabanduki kwenye mikono ya fundi.

Mikononi mwa Network kulikuwa na kompyuta ndogo ya mfukoni, upana wa kiganja, rangi ya majivu, mgongo umefungwa kwa selotepu. Ilikuwa ya baba yake Winrose, marehemu Muthamia. Zamani watu wa utafiti wa mifugo walimpa azunguke nayo kule Ruiri akiwauliza wafugaji habari za mbuzi, na utafiti ulipoisha wakamwachia. Ilikuwa inarekodi sauti. Jioni Muthamia alikuwa akiisogeza mdomoni mwake, kisha mdomoni mwa binti yake, halafu mashine inawarudishia maneno yao wote wawili. Winrose anakumbuka vizuri jinsi sauti yake mwenyewe ilivyotoka mle ndani, nyembamba kama ya kifaranga. Ya baba haikumbuki. Ameitafuta kichwani mara nyingi. Anapata kofia yake, anapata harufu ya mbuzi kwenye koti lake, anaona hata midomo ikifunguka, lakini hakuna kinachotoka. Na sasa amezaa mtoto wa kiume, akampa jina hilo hilo la Muthamia, na anamwita "baba" kama desturi inavyotaka. Kila akimwita, anahisi kana kwamba ameita mtu aliye mbali kidogo, ng'ambo ya ukuta.

— Mama Muthamia, hii kitu imelala miaka mingi, Network akasema. Chaja yake hakuna, na betri ilikuwa imefura kama mandazi. Nimeiwekea ya simu. Ikikataa, usinilaumu.

— Sitakulaumu, Winrose akajibu kwa sauti ndogo.

— Ungeianika kwa jua, Mombasa akashauri akimimina kahawa. Si hata mawe ya redio, zile betri kavu, tulikuwa tunaanika kwa mabati, yanaamka?

— Hayo yalikuwa mawe, Mombasa. Hii ni kompyuta.

— Jua ni moja, bwana.

Jaji alikohoa. Jaji akikohoa, hukumu i karibu.

— Nyinyi hamjui kitu. Mashine ya mzungu inamjua mwenyewe. Punda wa marehemu babangu hakukubali kupandwa na mtu mwingine mpaka akafa. Hii hapa inangoja kidole cha damu ya Muthamia. Wahenga walisema, mwana wa nyoka ni nyoka.

— Jaji! Unamwita marehemu nyoka mbele ya mtoto wake? Network akamkemea.

— Nimetoa mfano. Mfano hauumi.

— Mimi naona hata isipowaka si hasara, Mombasa akasema. Sauti ya mtu haifi. Ukisema neno, linapanda juu, linagonga setilaiti, linakaa huko. Ndiyo sababu ukipiga simu unasikia watu wakiongea mbali, chini ya sauti ya yule umempigia. Hao ni wa zamani.

— Na mbona hawatupigii wao?

— Hawana kredo.

Benchi likacheka. Winrose naye aliinamisha kichwa na kutabasamu, lakini moyoni, kwa muda mfupi sana, alikuwa ameamini. Alikuwa tayari kuuliza ni kredo ya kiasi gani.

Ndipo kioo kikawaka.

Kilikuwa cheupe kama maziwa, na juu ya weupe ule kukatokea msalaba mdogo mweusi. Jaji akavua kofia. Mombasa akateremsha birika chini polepole, kama mtu aliyekuta mazishi njiani.

— Huo ni msalaba, akanong'ona.

— Naona.

— Niliwaambia nini? Jaji akasema. Imejua mwenyewe alikufa. Imemwekea msalaba kama wa kaburini. Muthamia alikuwa kanisa gani?

— Methodisti, Winrose akasema.

— Basi tuombe Kimethodisti.

Wakasimama. Hata Network, ambaye kanisani pia hapatikani, alifumba jicho moja. La pili alilibakiza kwa betri. Jaji akaomba: Bwana, ifungue mashine hii, kama ulivyovifunga vinywa vya simba wakati wa Danieli. Wakasema amina. Msalaba ukabaki pale pale.

Winrose alikuwa amesogea bila kujijua. Aliishia darasa la nane, lakini kusoma hakukuacha. Husoma hata karatasi zinazofungiwa sukari. Chini ya msalaba kulikuwa na maneno madogo ya Kiingereza. Akayasoma kimya, akarudia, ili asije akakosea mbele ya watu.

— Inasema tuguse katikati ya msalaba, akasema. Kwa kalamu yake. Nafikiri inataka kujua kama inahisi vizuri mahali tunapogusa.

— Kalamu yake iko wapi?

— Ilipotea zamani.

Network akachukua kijiti cha kiberiti, akakichonga ncha kwa wembe, akamnyoshea Winrose. Mombasa akarudi nyuma.

— Kudunga msalaba na kijiti? Mimi simo. Nikiulizwa, nitasema nilikuwa nauza kahawa.

Winrose akagusa katikati. Msalaba ukaruka, ukasimama pembeni juu.

— Umekimbia! Mombasa akapiga kelele.

— Ungedungwa wewe ungebaki? Network akamuuliza.

— Ufuate, msichana wangu, ufuate! Jaji akahimiza. Samaki mkunje angali mbichi!

Akaufuata. Ukaruka chini. Akaufuata. Ukaruka upande wa pili, mtoto mgongoni akichungulia begani na kupiga teke kila mama akiinama. Walipozimaliza kona zote, mashine ikalia kidogo, tii, na msalaba ukaondoka. Jaji akavaa kofia yake kama mtu aliyeshinda kesi.

— Sasa inauliza tuko mji gani, Winrose akasema.

— Githongo! Jaji akaamuru.

— Githongo haipo, mzee.

— Weka Meru.

— Meru pia haipo.

— Jaribu Kanyakine.

— Jaji, kama Meru haipo, Kanyakine itatoka wapi? Network akamuuliza.

— Nairobi iko, Winrose akasema.

— Kila kitu Nairobi, Jaji akanung'unika. Weka. Lakini iandikwe kwamba nilikataa.

Akaweka Nairobi. Kikaja kipande cha tarehe. Winrose akakitazama muda mrefu kuliko vile vingine.

— Inasema tuko mwaka wa elfu mbili na tatu, akasema. Mwezi wa kwanza.

— Hiyo ni kawaida, Network akasema. Haijui imelala kiasi gani. Lete nirekebishe.

Winrose akakifunika kioo kwa kiganja.

— Iache kidogo.

Network akarudisha mkono wake. Chini ya kiganja cha Winrose bado ulikuwa mwaka ule, na mwaka ule baba alikuwa Ruiri, koti begani, anamuuliza mtu habari za mbuzi aliyekonda. Jua likiinama angepanda gari la kurudi. Angefika amechoka, angemwita kutoka langoni. Kwa jina lipi? Kwa sauti ipi? Winrose akategea kama mtu anayesikiliza mlango. Network akainua kikombe chake kilichokwisha kahawa, akakinywa hivyo hivyo, akangoja.

— Sasa unaweza, Winrose akasema mwishowe, akaondoa mkono.

Network akaipeleka mbele miaka yote ile kwa kijiti cha kiberiti. Halafu akatafuta picha ya kipaza sauti, akaifungua. Pakatokea ukurasa wa mistari, na mistari yote ilikuwa mitupu. Akafunga, akafungua tena. Akaingia mlango mwingine, akatoka. Benchi zima lilikuwa limeinama juu yake, pumzi za kahawa zikimwangukia shingoni.

— Debe tupu haliachi kuvuma, Jaji akasema, kwa mazoea tu. Neno lilipomtoka akatamani kulirudisha. Akashika mdomo.

— Hakuna kitu? Winrose akauliza.

— Mama Muthamia, Network akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akamtazama usoni. Hizi za zamani hazikuwa na mahali pa kuweka vitu vikae. Zilikuwa zinashikilia kwa nguvu ya betri. Betri ikikauka kabisa, zinaachilia kila kitu, zinaanza upya kama mtoto mchanga. Ndiyo maana imetuuliza tuko wapi. Haijui mtu.

— Na ilikauka lini?

— Hiyo siwezi kujua. Pengine mwezi ule ule aliotuacha. Nani angekumbuka kuichaji?

Winrose akatikisa kichwa kuonyesha ameelewa. Akafungua leso, akamhamishia mtoto kifuani, akamshika pale. Yeye mwenyewe alikuwa mdogo baba alipokufa, na mama yake alikuwa na msiba wa kubeba. Hakuna aliyejua kwamba sauti inahitaji kulishwa.

Benchi halikuweza kuvumilia kimya kile. Likafanya kile linachokijua.

— Usihuzunike, mwanangu, Jaji akaanza. Muthamia tunaye sisi. Huyo mtu aliongea na wafugaji mpaka na mbuzi wenyewe. Kuna siku alikuta mwenye boma hayupo, akawauliza mbuzi maswali, akaandika majibu.

— Na majibu yalikuwa sahihi! Mombasa akadakia. Nilikuwepo. Na kwa matanga je? Akisimama kusema maneno ya mwisho, wafiwa walikuwa wanasahau kulia. Pale Kiija maiti mwenyewe alikuwa karibu kuamka aongeze.

— Mimi nilikuwa mtoto, Network akasema. Aliniita kutoka ng'ambo ya mto, maji yamejaa yananguruma, nikasikia jina langu lote. Nikarudi. Dakika hiyo daraja likaenda.

— Daraja gani?

— La miti. Wewe ulikuwa Mombasa.

Mwisho wa benchi alikuwa ameketi mgeni mmoja, Nthiga, mnunuzi wa avokado kutoka Embu, aliyekuwa akingoja pikapu yake izibwe pancha. Alikuwa amenunua kahawa na kusikiliza tangu walipoiwekea mashine Nairobi. Akaweka kikombe chini.

— Samahani, wazee wangu. Sauti yenyewe ilikuwaje?

— Sauti ya nani?

— Ya huyo mzee. Nimesikia aliyoyasema. Alikuwa anasikika vipi?

— Ah, Jaji akasema. Ilikuwa...

Akatazama ndani ya kikombe.

— Ilikuwa nzito, Mombasa akamsaidia.

— Nzito wapi? Ilikuwa ya juu juu hivi, Network akasema.

— Ya juu juu, na alisikika ng'ambo ya mto?

— Ilikuwa sauti ya kawaida, baite, jamaa zangu, Jaji akawatuliza wenzake. Ya mtu mzima. Alikuwa anakuja hapa anasimama pale, anasema: "Baite, mmeamkaje?"

Lakini aliyesema hivyo alikuwa Jaji mtupu. Mwenyewe alijisikia. Akajaribu tena, akiishusha. Ikatoka sauti ya mchungaji wao wa zamani. Akajaribu kuipandisha, akaacha katikati. Akamtazama Mombasa. Mombasa akatazama makaa.

Winrose alikuwa ameichukua mashine. Katika kona ya ukurasa ule mtupu kulikuwa na kitufe chekundu cha kurekodi. Akakigusa kwa kijiti, namba zikaanza kutembea. Akanyosha mkono, akaisogeza katikati ya benchi, karibu na midomo yao.

— Semeni tu, akasema. Vile mnamkumbuka. Hata kidogo.

Hapo ndipo benchi la Githongo, lisilonyamazia mazishi wala kura wala bei ya kahawa, lilipokosa neno. Midomo ya Jaji ilisogea bila kutoa kitu. Network alifumba macho, safari hii yote mawili. Mombasa alianza "Ali...", akaishia hapo. Mgeni akainamisha kichwa kama mtu aliyevunja kitu nyumbani kwa watu. Mashine ya kinyozi ikavuma kidogo, ikazimwa. Majani makavu yakapita barabarani. Namba zilikuwa bado zinatembea, na Winrose hakuuondoa mkono wake. Aliwatazama mmoja mmoja usoni, akaona kwamba kila mmoja wao alikuwa amekwenda mahali, anaitafuta sauti ile.

Mkono ulipochoka, akagusa kitufe tena. Kwenye mstari wa kwanza wa ukurasa kukatokea jina lililowekwa na mashine yenyewe, na tarehe ya leo.

Akaifunga mashine ndani ya leso, karibu na kifua cha mtoto. Akaaga.

— Uwe unaileta jioni niichaji, Network akamwambia. Kila jioni, bure. Isije ikasahau tena.

— Isahau nini, baite? Jaji akauliza kwa upole. Si hatukusema kitu?

— Iko na kitu, Winrose akasema.