Preben Lysholm na Kituo cha Møllebakken

Ndugu waombolezaji, majirani wa Møllebakken, nanyi nyote mliopanda kilima hiki kwa miguu asubuhi ya leo, familia imeniomba mimi Inger, mdogo wake marehemu, niwasomee historia ya maisha yake, na kwa kuwa sijui kuzungusha maneno, mtanivumilia nikitoka kidogo nje ya karatasi.

Kaka yetu Preben Lysholm alizaliwa tarehe 14 Machi 1951 mjini Skive, mtoto wa kwanza wa fundi viatu, akasoma hapohapo Skive hadi mwaka 1967, akajifunza ufundi umeme, kisha mwaka 1972 akahamia hapa Lindeborg akawa dereva wa basi, na mwaka 1988 akaingizwa ofisini kupanga safari. Mwaka 2014 alikabidhiwa kazi mnayoijua, ya kuyaondoa yale mabasi ya dizeli yaliyokuwa yakitia masizi nguo zetu kambani, na kuleta haya madogo ya betri, ambayo mtu huyaita kwa simu yake na kompyuta ikawakusanya majirani wanaoelekea njia moja. Vijana wa ofisini walitaka kila kitu kiwe ndani ya simu, Preben akapiga meza, akasema, "Na bibi asiyeona? Na mwenye kiti cha magurudumu? Hao tuwaachie Mungu?" Ndiyo maana kila kituo kikawekewa nguzo yenye kitufe kikubwa cha njano kinachosema, na ndiyo maana mabasi yakapewa sakafu za chini.

Ni yeye pia aliyeandika sheria kwamba kituo kisichoombwa na mtu kwa miezi mitatu kifungwe, betri isiishe kwa kubeba hewa, na wote tukampigia makofi. Alistaafu mwaka 2018.

Marehemu alifunga ndoa na Jytte tarehe 12 Juni 1976 katika kanisa hilihili, wakajaliwa watoto wawili, Rikke aliyezaliwa 1979, anayeishi Norwei, na Mads aliyezaliwa 1983, anayeishi Kopenhagen, na alikuwa mume wa kuchekesha, akitangaza vituo hata akitoka jikoni kwenda sebuleni, mpaka Jytte anamwambia, "Dereva, mimi nashuka hapa, umenichosha!" Mwaka 2019 Jytte alianza kusahau, mwaka 2021 akahamia nyumba ya wazee ng'ambo ya mji, na huko akakataa kunywa kahawa ya alasiri isipokuwa imemiminwa na Preben. Wakati huohuo macho ya kaka yalianza kufifia, akanyang'anywa leseni ya gari, basi likabaki ndiyo njia yake ya kumfikia mkewe, na kila alasiri alikwenda.

Sasa sikilizeni kilichotokea, maana hakuna mchawi hapa. Flemming, dereva wetu, tangu Agosti mwaka jana alikuwa akipita hapa Møllebakken kila alasiri akitoka kwenye shule iliyo juu ya kilima, anatufahamu sote kwa majina, nasi wazee tulikuwa tunapunga mkono tu, anasimama, na wakati wa kurudi tunamwambia kwa mdomo. Nani angebonyeza kitufe na mtu unamwona anakuja anakuchekea? Ni kama kumpigia kengele mwenyeji aliyekwisha kufungua mlango. Preben mwenyewe, aliyekitetea kitufe kile kwa ngumi, aliona haya kukibonyeza mbele ya Flemming. Kompyuta haihesabu mikono inayopungwa, inahesabu maombi ya simu na ya kitufe, ikaona hapa hapana mtu, na mwezi Novemba 2023 kituo kikafungwa, nguzo ikang'olewa. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.

Siku iliyofuata Preben alisimama palepale akapunga mkono, Flemming akasimamisha gari, lakini gari lenyewe hukataa kufungua mlango pasipo kituo, wakabaki wanatazamana kwenye kioo, mmoja nje, mmoja ndani, wote wawili wanalia. Flemming, inua kichwa, mwanangu, hatukulaumu. Kaka alipiga simu ofisini akampata Sidse, aliyefundishwa kazi na kaka mwenyewe, Sidse akamwambia, "Preben, mfumo hauniruhusu, na aliyeuandika ni wewe." Watoto walimsihi apande teksi, akasema hakuhangaika na mabasi miaka yote ile ili afe ndani ya teksi. Mimi nilimgombeza, nikambembeleza, haikusaidia kitu.

Basi akawa anashuka kilima kwa miguu hadi kituo cha darajani, na tarehe 24 Januari 2024 aliteleza kwenye barafu akavunjika nyonga, akalazwa, akashikwa na homa ya mapafu, na tarehe 9 Februari akafariki. Siku zote hizo Jytte hakunywa kahawa. Nilimmiminia mimi, akanitazama, akasema, "Wewe si Preben," akasukuma kikombe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, majirani waliomwaga mchanga juu ya barafu kilimani kila asubuhi, wafanyakazi wenzake wa zamani, Flemming, na Sidse aliyelia na sisi kwenye simu.

Jambo la mwisho halimo kwenye karatasi. Leo wengi wenu mliomba basi la kuja Møllebakken, likakataa, likawashusha darajani, lakini maombi yenu yamehesabiwa, na nikiwa mlangoni mwa kanisa simu yangu imelia, ujumbe unasema kwamba kwa sababu ya mahitaji makubwa kituo chetu kitafunguliwa tena Jumatatu.

Jytte amekaa hapo mbele, tangu asubuhi anautazama mlango, ananiuliza mbona Preben amechelewa.

Pumzika kwa amani, kaka. Jumatatu basi litasimama.