Wanafunzi Sita kwa Lori Moja

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi. Bwana Nyangwine, mkurugenzi na mwenye chuo hiki cha udereva wa malori. Mkufunzi Mkuu Okal na wakufunzi wenzako. Wazazi na walezi mliotoka Tarime mjini, Gorong'a na Sirari, pamoja na ndugu zetu mliovuka mpaka kutoka Isebania. Na nyinyi madereva wahitimu, ambao leo mmevaa viatu vya kufunga kamba kama nilivyoagiza: nawasalimu wote kwa heshima.

Kabla ya neno lolote la sifa, ninaomba radhi. Tangu mvua za masika, wazazi wengi mliniandikia mkiuliza kwa nini mimi, mwenyekiti wa bodi, nilikubali wanafunzi sita tu na kuwaacha wengine langoni. Sikujibu. Bodi yenyewe ilikuwa ikibishana, nami sikutaka kuwapa asubuhi jibu ambalo lingebadilika jioni. Hata hivyo, aliyeuliza kwa adabu anastahili kujibiwa, na leo ninajibu mbele ya watu wote.

Bwana Nyangwine anapendekeza kwamba, kuanzia muhula ujao, tupokee wanafunzi ishirini kwa lori moja tulilo nalo. Mimi ninasema wabaki sita. Hatugombani, jana tulikunywa chai pamoja, naye akamaliza maandazi yangu. Tena anayo sababu, ambayo sitaificha. Aliniambia, "Mwalimu, hao unaowafungia lango hawarudi nyumbani kulala. Wanapanda malori kama utingo, wanafundishwa na dereva mwenye usingizi. Hapo umemwokoa nani?" Ni swali zito.

Jibu langu nitalitoa kwa habari za mwanafunzi mmoja, ambaye ameniruhusu. Simama, Dorka, watu wakuone. Asante. Kaa.

Dorka alifika kwetu akiwa tayari na cheti cha chuo kimoja cha mbali, ambacho sitakitaja. Nilimwuliza kule walikuwa wangapi. "Thelathini na wanne, Mwalimu." Na malori? "Moja." Wewe uliendesha mara ngapi? Akatazama chini. "Zamu yangu ilifika mara mbili. Mara ya kwanza gari lilizimika. Mara ya pili kengele ya chakula iligongwa." Siku nyingine zote alisimama kwenye foleni juani, akitazama visogo vya wenzake.

Kwa cheti hicho alikwenda Sirari kuomba kazi. Mwenye lori akamwambia alirudishe nyuma, kati ya malori mawili yaliyokuwa yakisubiri forodha. Lori lilikwenda kila upande isipokuwa ule alioutaka. Wabadilisha fedha waliacha kazi yao ili wapate kucheka vizuri. "Sista, hiyo si baiskeli! Shuka utupikie chai!" Dorka aliacha ufunguo juu ya kiti, akashuka, akaondoka kwa miguu.

Ndugu zangu, je, siku ile nani alishindwa? Ni binti huyu, au ni wale waliompa cheti bila kumpa usukani?

Sasa wageni wetu na waelewe tunavyofanya hapa. Kwetu mwanafunzi hahitimu kwa kubeba mchanga. Hubeba ng'ombe, kutoka Gorong'a hadi mnadani Tarime. Mchanga haulalamiki. Binadamu ukimbeba hujishikilia, na akiona kona hujiandaa. Ng'ombe hana mkono wa kujishikilia, wala hajui kwamba umeliona shimo ukiwa umechelewa. Ukikanyaga breki kwa hasira, anaanguka, na akianguka wenzake wanamkanyaga. Tena nyuma ya kichwa cha lori tumejenga kizimba cha chuma, cha kumtosha mtu mmoja. Mwanafunzi mmoja anapoendesha, mwenzake husimama humo, uso kwa uso na pembe, akilihisi kila kosa la mguu ulio kwenye breki. Kisha hubadilishana.

Katika safari yake ya kwanza, Dorka alimwangusha ng'ombe wa Mzee Waitara wa Gorong'a, ambaye yupo hapa, na namwona amechagua kiti kilicho karibu na sufuria. Siku ile majirani walitoka nje kwa sauti yake. "We Okal! Ulisema unaniletea dereva, umeniletea tetemeko! Huyu ng'ombe ni wa mahari ya kijana wangu, unataka nikamposee kwa kilema?" Okal alimkagua ng'ombe mguu kwa mguu, akamwomba mzee radhi, kisha akamgeukia Dorka. "Panda kizimbani. Usukani utaugusa nitakapokwambia." Dorka alisimama humo safari baada ya safari, akipigwa mikia usoni, mpaka akaanza kuwafokea wenzake kupitia dirisha la nyuma: "Taratibu, wewe! Huku kuna watu!" Okal aliposikia ng'ombe wameitwa watu, akampa ufunguo.

Basi nijibuni. Kizimba ni cha mtu mmoja, wanafunzi ni ishirini: atapanda nani? Watapanda wachache wenye sauti kubwa, na waliobaki tutawaandikia kwamba wamejifunza, kwa kuwa walikuwapo. Dorka naye kule alikuwapo.

Leo asubuhi, kwaya ilipokuwa ikiimba, mlisikia lori likiingia. Lilibeba fahali wa Mzee Waitara, na aliyeliendesha kutoka Gorong'a ni Dorka. Kizimbani alisimama Mzee Waitara mwenyewe, baada ya kukataa kiti cha mbele ili ayaone makosa kwa karibu. Nilimpokea langoni nikamwuliza habari za safari. Akajikung'uta vumbi kwa masikitiko. "Mwalimu, leo nimekosa la kulalamikia. Nionyeshe chakula."

Bwana Nyangwine, sasa ninalirudia swali lako. Vijana walio langoni wanahitaji nafasi, na hapo tumekubaliana. Lakini nafasi huletwa na lori la pili, hailetwi na foleni ndefu. Nawe lori la pili unalo, katika yadi yako kule Sirari. Nimeliona kwa macho yangu. Nyasi zimefika kwenye ngazi ya dereva, na kuku wa jirani wanataga juu ya kiti. Naona unacheka, nimefurahi. Wahamishe kuku, utupe lori hilo, nasi tutapokea wanafunzi kumi na wawili bila kumnyima hata mmoja usukani wake.

Bodi itakaa Jumanne. Nimewaomba wajumbe, nao wamekubali, kwamba kabla ya kupiga kura kila mmoja asimame kizimbani kwa safari moja, uso kwa uso na ng'ombe, Dorka akiwa kwenye usukani. Baada ya hapo, mjumbe atakayetaka ishirini nitamwuliza jambo moja tu: je, yuko tayari kurudia safari hiyo na dereva aliyejifunza kwa kutazama visogo?

Wahitimu, nawapongeza. Mkipewa mzigo wowote, endesheni kama mnavyowaendesha ng'ombe wa Mzee Waitara.

Wazazi, nilinyamaza mara moja na sitanyamaza tena. Uamuzi ukishatolewa, nitamwandikia kila aliyeniuliza. Ukiwa ni ishirini, mjue kwamba hiyo ndiyo barua ya mwisho nitakayoitia sahihi nikiwa mwenyekiti. Lakini kwa jinsi Bwana Nyangwine anavyocheka, kalamu yangu bado ina kazi. Nawashukuru nyote kwa kunipa masikio yenu wakati chakula kinanukia. Nitawaandikia.