Mzee Filemon na Steringi Asiyesema Uongo

Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Mwenyekiti wa Kijiji, Baba Paroko, wazee wa ukoo mliokaa hapo mbele, shikamooni. Ndugu wageni waalikwa mliopanda kutoka Moshi mjini na kutoka Chekereni, kina mama wenzangu wa sokoni, na ninyi vijana mliosimama huko nyuma kana kwamba viti vinauma: nawasalimu nyote na nawaomba mnivumilie. MC wetu Herbert ameninong'oneza kwamba nina dakika tano. Herbert, mwanangu, uliwahi kuona picha la Kihindi la dakika tano?

Kwa wasionifahamu, mimi ni Mektrida, Mama Fredy, mjane wa marehemu Kornel, muuza ndizi hapa sokoni Kwa Sadala. Nimeombwa nimuage Mzee Filemon, ambaye baada ya miaka mingi ya kutuonyesha picha za Kihindi katika ule ukumbi wa mabati pale barabarani, leo anastaafu, na wiki ijayo anahamia Chekereni kwa binti yake Digna. Nimekubali kusimama kwa sababu moja tu. Kihamba ninachoishi, hili shamba la urithi lenye nyumba yangu, migomba ninayokata, kahawa iliyomsomesha Fredy, vingekuwa vya mtu mwingine leo kama si huyu mzee. Alifungua mdomo siku ambayo kila mtu mwenye akili zake angeufunga. Na ujasiri ule aliupata wapi? Mimi nasema aliupata kwenye picha za Kihindi. Naona wengine mmeanza kucheka. Chekeni tu, nitawasubiri.

Ngoja kwanza nimseme steringi mwenyewe. Siku hizi mtu akizungusha maneno na kutoa machozi yasiyo na sababu, mnamwambia, "Usiniletee picha la Kihindi." Hivi mlishawahi kumtazama vizuri yule steringi wa zamani? Simsemi huyu wa sasa mwenye kifua kama mlango wa godauni. Namsema yule mwembamba, shati lake moja limefungwa vifungo mpaka shingoni, anaingia mjini na sanduku la bati, kila mtu anamdanganya na yeye anamwamini kila mtu. Anaokota pochi, anamkimbilia mwenye nayo mpaka kandambili zinakatika. Anasingiziwa wizi, anainamisha kichwa, hatukani mtu. Akipenda anaimba, akifukuzwa anaimba, na mama yake akiugua ndiyo usiseme kabisa.

Tulikuwa tunamzomea! "We mjinga, chukua! Hakuna anayekuona!" Ukumbi mzima unapiga kelele achukue, na mioyoni tunamwomba Mungu asichukue. Si ndivyo ilivyokuwa, jamani? Watu sisi tunaojua kupanga ndizi nzuri juu ya fungu na zilizochubuka chini, watu sisi tunaokadiria kila neno kabla ya kulitamka, tulikuwa tunalipia kiingilio tukamwone mtu mmoja asiyekadiria. Na akishinda, maana lazima ashinde, tulitoka pale tunatembea wima kama tumetoka kuungama.

Mjukuu wangu Rodney ananionyesha filamu za kwenye simu. Steringi anaua, adui anaua. Namuuliza, "Rodney, wa kwetu ni yupi?" Ananijibu, "Bibi, humo hamna mtu mzuri, ndiyo maana iko poa." Poa! Nikae muda wote ule na watu ambao nisingewakaribisha hata chai? Lakini huyo huyo Rodney, Jumamosi namkuta benchi la mbele kwa Mzee Filemon, na steringi anapomrudishia tajiri mkufu wake, mtoto anafuta macho na kusingizia vumbi. Vumbi gani la wakati wa masika?

Sasa wageni wetu mtaniuliza, watu wa Kwa Sadala mnaelewaje Kihindi? Hatuelewi. Mzee Filemon alikuja hapa kijana, akitokea kwenye mashamba ya miwa kule chini, ambako wazazi wake walifika kutoka Singida kutafuta kazi. Alikuja na televisheni, deki na fimbo. Fimbo haikuwa ya kutuchapa, ilikuwa ya kuonyeshea. Alisimama pembeni ya kioo anatueleza: "Huyu ni baba. Huyu ni adui, mtazameni sharubu zake. Huyu binti amemwona steringi lakini anajifanya hajamwona." Na Mzee Filemon mwenyewe, atanisamehe, Kihindi hajui hata cha kuombea maji.

Alichokuwa anajua ni sisi. Alijua ameingia kwa watu wa vihamba, ambao mpaka wa shamba unawakosesha usingizi kuliko njaa. Kwa hiyo, ndugu wageni, kila picha, kwa tafsiri ya Mzee Filemon, ilihusu kihamba. Wanagombania kiwanda? Ni kihamba. Almasi imeibwa? Babu alificha almasi kwenye kihamba. Siku moja kwenye picha kaka mkubwa, mtu wa mvi, akakabidhiwa nyumba ya baba yao. Weee! Ukumbi ulilipuka. Nani hapa hajui kwamba nyumba ya baba anabaki nayo mtoto wa mwisho? Mzee mmoja akasimama: "Zima! Zima hiyo mashine! Hawa watu hawana mila?" Filemon akasimamisha mkanda, akawaza kidogo, akasema, "Wazee wangu, samahani, nilikosea. Huyu mwenye mvi ndiye mdogo. Amezeeshwa na shida." Tukakaa, tukaendelea kutazama kwa amani.

Baadaye akaanza kuja Esther wa Njoro, aliyefanya kazi miaka mingi katika nyumba ya Wahindi kule mjini, na Kihindi anakisikia. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Jamani, huyu baba anawatungia! Hapo hamna shamba, wanagombania mchumba!" Mnajua tulimjibu nini? Tulimwambia, "Dada, kaa chini, unatuharibia picha." Maana jambo lenyewe tulikuwa tumelipata. Mzee Filemon alikosea majina, alikosea undugu, alikosea mali, ila kuna kitu hakukosea hata siku moja: nani anasema kweli, nani anadanganya, na huo ukweli unamgharimu nini anayeusema. Hilo hata ukizima sauti unaliona kwenye uso wa mtu.

Sasa nifike kwangu. Kornel alipofariki, Fredy alikuwa bado anabebwa mgongoni. Kihamba changu kinapakana na cha shemeji yangu Gidioni, na mpaka wetu, kama mipaka yote ya huku, ni mstari wa masale, ule mmea wa majani marefu mnaouona ukingoni. Masale yana ubaya wake: ukikata tawi ukalichomeka, linashika. Mvua za msimu mmoja tu na mpaka mpya unafanana na wa zamani. Mwaka ule nilikwenda Rombo kumuuguza mama yangu masika yote. Niliporudi, kihamba kimepungua. Migomba yangu mizuri ya upande wa mfereji imeingia kwa jirani, na masale yamesogea mpaka miguuni pa kaburi la Kornel. Nikamuuliza shemeji. Akanijibu kwa upole kabisa, "Shemeji, pole, ni majonzi hayo. Mpaka ulikuwa hapo hapo."

Gidioni, ndivyo ulivyosema au nakusingizia? Anatikisa kichwa, anakubali. Msimtazame hivyo, jamani. Ameniruhusu mwenyewe niyaseme haya, na mbuzi mnayemsubiri kule jikoni amemchinja yeye.

Wazee wa ukoo wakakaa. Mimi shahidi sina. Ukoo ni wake, mimi nimeolewa tu hapa. Nilikuwa nimempakata Fredy, nawaza: huyu akikua atasimama wapi? Wazee walikuwa wameshaanza kukohoa kile kikohozi cha kutaka kwenda nyumbani, mara tukasikia hodi. Ni Filemon. Hakuitwa. Si wa ukoo, hata Mchagga si Mchagga. Na ule ukumbi wake, sikilizeni vizuri hapa, umesimama kwenye ardhi ya Gidioni, aliyempa kwa mdomo tu kwa sababu ya urafiki. Gidioni alikuwa mtu wa benchi la mbele, Jumamosi hakosi.

Filemon alishika kofia kwa mikono miwili. Akasema: "Wazee wangu, shikamooni. Jumapili ya Matawi, ninyi mkiwa kwenye maandamano, mimi nilikuwa juu ya paa napigilia bati. Nilimwona Gidioni anang'oa masale na kuyachomeka ndani kwa Mama Fredy. Nimenyamaza mpaka leo kwa sababu najua atanifukuza. Lakini kila Jumamosi nawaambia watoto wenu kwamba steringi hasemi uongo. Jumamosi hii nikisimama mbele yao, nitawaambia nini?"

Mheshimiwa Diwani, nimesikia hotuba nyingi. Sijasikia nyingine kama ile.

Gidioni akainuka. "Filemon, ukumbi ufunge." Mbele ya ukoo mzima. Filemon akajibu, "Nitaufunga, rafiki yangu. Lakini masale yarudi." Na masale yakarudi, wazee wenyewe walisimamia. Mimi nikapata kihamba changu, na yeye akapoteza kazi. Nilimfuata njiani kumshukuru, nikabaki nalia tu. Akaniambia, "Mama Fredy, nenda kampikie mtoto."

Jumamosi ile ikawa ya mwisho ya ukumbi. Tulijaa mpaka madirishani. Na nani kakaa benchi la mbele? Gidioni! Hakuna anayemsemesha. Miaka ya baadaye nilimuuliza, "Hivi shemeji, ulifuata nini?" Akasema, "Wiki iliyotangulia umeme ulikatika katikati. Nilitaka kujua steringi alipona." Mnaziona nguvu za picha hizi? Mtu amemfukuza mwenye ukumbi, amegombana na ukoo wake, na bado roho haitulii mpaka ajue kama yule kijana mkweli wa watu amepona.

Alipona. Na mwishoni adui, ambaye ni ndugu yake wa damu, anafungwa pingu. Sote tunaziona pingu, tunawaona polisi, gari lile pale. Siku nyingine zote hapo tungeshangilia mpaka mabati yatikisike. Siku ile, hapana. Kila mtu anaogopa kumtazama Gidioni. Filemon akainua fimbo, akaishusha. Kisha akasema polepole: "Hawa polisi wanamsindikiza kwa shemeji yake, akamwombe radhi. Steringi ameshamsamehe. Wakitoka hapo wanakwenda wote kula."

Jamani! Pingu zinang'aa pale kiooni! Esther alikuwepo, Kihindi anakisikia na macho anayo. Tukamgeukia. Esther akasema kwa sauti ya ukumbi mzima: "Ni kweli. Amesema hivyo hivyo." Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja, na sikuwa peke yangu. Kama Mzee Filemon alisema uongo siku ile, Baba Paroko ataamua, lakini naomba amhurumie.

Kesho yake asubuhi Gidioni alisimama mlangoni kwangu na jani la masale mkononi. Mliozaliwa huku hamhitaji maelezo. Wageni wetu, mtu akikuletea jani hilo anaomba msamaha, na humfukuzi, hata kama moyo unawaka. Wangu ulikuwa unawaka. Nililipokea. Akatoka hapo akaenda na jani lingine kwa Filemon, na Jumamosi iliyofuata ukumbi ulikuwa wazi, na tangu hapo haujafungwa.

Kwa hiyo vijana, mkiulizwa kwa nini sisi wazee wenu tumezing'ang'ania picha hizi za zamani, msiseme ni nyimbo tu, ingawa nyimbo nazo tunazipenda, na wala msiseme tulikuwa hatuna kitu kingine cha kutazama. Semeni kwamba mtu akimtazama mwenye moyo safi Jumamosi baada ya Jumamosi, ipo siku anaona aibu kuwa tofauti naye. Filemon aliona aibu hiyo. Gidioni naye aliiona. Mimi ndiye niliyevuna.

Sasa nikugeukie wewe, Mzee Filemon. Usiangalie chini, niangalie mimi. Unakwenda Chekereni kwa sababu gani? Digna amenieleza, tena huku analia. Ulimwambia, "Watu wa Kwa Sadala ni wema, lakini kwao sina hata mahali pa kuzikwa." Neno hilo liliniuma, baba. Umetugawia vihamba vya Bombay yote, na wewe mwenyewe unaishi chumba cha kupanga!

Wazee wa ukoo walikaa juzi. Mimi niliomba, Gidioni akaniunga mkono, na waliopinga walizidiwa. Kile kipande cha upande wa mfereji, kile alichokichukua Gidioni na wewe ukanirudishia, kuanzia leo ni chako. Migomba iko tayari, mmoja umeshabeba mkungu. Jana Gidioni amekuzungushia masale kwa mikono yake, na safari hii mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo namwangalia.

Kawasalimie Digna na wajukuu, kula wali wao mpaka ushibe, halafu urudi.

Mheshimiwa Diwani, Baba Paroko, wazee wangu na ndugu zangu wote, nawashukuru sana kwa kunitegea masikio bila kunikatiza. Mzee Filemon, simama sasa. Gidioni anakungoja hapo mlangoni, akupeleke ukaone kwako.