Muuguzi Ursula Masatu, Asiyeanza Salamu

Tarehe 30 Juni Muuguzi Ursula Masatu anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kazi, mingi yake katika kliniki yetu ya dawa za UKIMWI hapa Musoma.

Alianzia Bunda, wakati dawa hazikuwepo na kazi ya muuguzi ilikuwa kumwosha mgonjwa na kuwafariji ndugu. Akahamia Buhemba, kwa wachimba dhahabu. Dawa zilipofika, akaletwa kwetu. Waliokuwa wakibebwa kwa machela wakaanza kuja wenyewe kwa baiskeli, kisha wakaanza kulalamikia foleni. Malalamiko hayo aliyapenda sana.

Ursula ana utaratibu wake: nje ya kliniki haanzi kumsalimu mtu. Angewasalimu wagonjwa, siri zao zingevuja. Angewasalimu wasio wagonjwa tu, watu wangebahatisha kwamba waliobaki ni wagonjwa. Basi akawanyima wote. Mtaani kwake Nyakato wakasema anaringa. Siku moja sokoni alimpita shemeji yake Silasi kama nguzo ya umeme, na Silasi akasusa chakula cha Krismasi kwake. Tulimcheka. Naye alicheka, kisha akaenda zake nyumbani peke yake.

Leo zaidi ya watu milioni thelathini duniani wanatumia dawa hizi. Kwetu akina mama wenye virusi wanazaa watoto salama, na anayemeza dawa vizuri huchukua za miezi sita na kuondoka. Ni ushindi mkubwa. Ila benchi la Ursula linakaa tupu, na mara nyingi tunamkuta akitazama mlango.

Tulipomuuliza tumwalike nani kwenye sherehe, alisema, "Mimi nilikuwaga na watu wengi, ila hakuna hata mmoja naweza kumwalika." Tuliumia, maana ni kweli. Mgonjwa akija kumuaga, ukumbi mzima utajua amemjulia wapi.

Asante, Dada Ursula. Mungu akupe uzee wenye afya na mlango unaobishwa hodi.

Jarida hili hubandikwa pia ukutani kwenye kliniki. Wewe unayelisoma hapo, jina lako silihitaji. Kuanzia Julai Ursula atakuwa Nyakato, jirani kama majirani wengine, na salamu hataanza hata akistaafu. Ukimkuta njiani, mpe shikamoo, kama mtu yeyote anavyompa mkubwa wake. Hakuna atakayejua inatoka wapi, ila yeye.

Mary, chumba cha dawa