Masila wa Kwanza

Kijiwe chetu ni benchi moja mbele ya kibanda cha kahawa cha Kamene, hapa sokoni Kangundo. Ijumaa nilikaa hapo nikiwa na bahasha ya makaratasi mapajani. Mama tulimzika wiki tano zilizopita, Mungu amlaze pema. Kabla ya kufa aliniomba jambo moja: kaka yangu, aliyekufa akiwa na miaka miwili, aandikwe msalabani pamoja naye, jina na siku aliyokufa. Siku hiyo hakuna aliye hai anayeikumbuka. Fundi wa msalaba ananingoja.

— Ofisini kwa vizazi na vifo wamesemaje, Masila? aliuliza Laban. Tunamwita Jaji kwa sababu hukata kesi zisizo zake.

— Hakuna kifo chochote kwa jina hilo. Nimeenda mara tatu.

— Ni mchwa. Wamekula kitabu. Mwenda pole hajikwai.

— Hiyo inaingiaje hapo? niliuliza.

— Mchwa huenda pole.

— Si mchwa, alisema Festus, ambaye tunamwita Redio kwa kuwa hanyamazi. Kitabu kilipelekwa Nairobi. Kiko chini ya ardhi, na mlango uko na kufuli mbili.

— Wewe uliona? aliuliza Jaji.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Tena pengine huyo mtoto hakufa. Pengine aliibwa, na saa hii ni tajiri huko Mavoko.

— Redio, mwenzako ana msiba, Kamene alimkanya.

Mama aliuosha mwili wa mtoto huyo kwa mikono yake mwenyewe.

Mgeni mmoja, Wangare, aliyekuja kuuza viazi, alikuwa amesimama akingoja kikombe.

— Pole sana, baba. Huyo kaka aliitwa nani?

— Masila, kama mimi. Ni jina la babu. Mtoto akifa nalo, kijana anayefuata hulichukua.

— Na cheti chake cha kuzaliwa kiko wapi?

Jaji alimtazama Redio. Redio alitazama kahawa yake.

Nilifungua bahasha. Nyumbani kwetu pamekuwa na cheti kimoja tu cha Masila. Kimeandikwa kuzaliwa 1968. Mama alisema siku zote kwamba nilimfuata kaka kwa miaka mitatu. Shuleni nilikuwa mdogo kuliko umri ulio kwenye cheti changu, na mwalimu alidhani nimedumaa.

— Kwa hivyo huko ofisini..., Jaji alianza, akaacha.

— Cheti hiki ni chake. Huko ofisini yuko hai, nilisema. Ameketi hapa na nyinyi.

Kamene aliinamisha birika. Hakikutoka kitu.

Basi tukavua kofia, tukaomba. Nilimsihi Mungu amlaze Masila mahali pema, nikasikia najiombea mimi mwenyewe.