Utando Kwenye Shingo ya Chediel

Kijiwe chao kipo Mandewa, barazani kwa duka la vipodozi la Nikunj: benchi refu lililolegea mguu na birika la kahawa juu ya jiko la mkaa. Asubuhi hiyo Chediel alifika kola ameisimamisha, shingo imeiva nyekundu. Ana ualbino, na wenzake walizoea kumwona hatoki bila losheni ya jua. Sasa alikuwa ameiacha.

— Nikioga jioni unabanduka utando, alieleza. Mwembamba kama ngozi ya maziwa. Nikamwonyesha Gugo maandishi ya kwenye chupa.

Gugo ni Joshua wa bodaboda, aliyepachikwa jina hilo kwa kuperuzi simu kutwa.

— Polima, kaka! Yaani plastiki. Unajipaka mfuko wa rambo!

Yeremia, fundi rangi, akashusha kikombe.

— Hata rangi ya ukutani inayo. Ukuta ukiwa na unyevu, rangi inavimba. Sasa jasho la mtu litokee wapi?

— Linarudi kwenye figo! alisema Gugo.

— Linapanda kichwani, bwana. Ndiyo maana siku hizi watu wanasahau ovyo, Yeremia alimsahihisha.

Chediel hakucheka. Kesho yake alikuwa anakwenda Sepuka kuvuna alizeti, kutwa juani, na hakujua aogope kipi, jua au losheni.

— Nikunj, wewe ndiye unayeuza. Ni salama?

Nikunj alichukua chupa ya losheni hiyo dukani, akaigeuza mkononi.

— Huo utando unashikilia losheni isioshwe na jasho. Wataalamu wanasema chembe zake ni kubwa, hazipenyi ngozi kirahisi. Lakini kujipaka kila siku miaka thelathini? Nikisema najua, nitakudanganya.

— Umesikia! Gugo akadakia.

Hapo akatokea Rahabu, mke wa Chediel, akitoka sokoni. Alisalimia, akaitazama shingo ya mumewe, akatua kikapu.

— Shemeji zangu, sikio la marehemu Peniel, mdogo wake huyu, liliozeshwa na losheni au na jua?

Peniel, naye mwenye ualbino, hakuwahi kujipaka chochote, na wote pale walikuwepo kwenye mazishi. Gugo aliirudisha simu mfukoni.

Chediel aliinuka, akanawa, akajipaka ile losheni taratibu akikwepa palipochubuka.

— Kliniki ya ngozi nitawauliza hilo la miaka thelathini, alimwambia Nikunj.

— Wakikujibu, uniambie na mimi. Nyumbani kwangu pia tunajipaka.